Usiiuze laptopu kwa bei ya vipuri kabla hujaiwekea Puppy Linux kwenye flashi

Laptopu nyingi zinazokaa kabatini zinakula vumbi hazijafa jamani. Utakuta kilichokufa ni hard disk tu, ile diski ya kutunzia mafaili, au RAM, kumbukumbu ya muda ambayo programu zinafanyia kazi, ni GB 2 na Windows ya sasa hivi inaielemea mpaka ukifungua brauza unaenda kuchemsha chai unarudi bado inazunguka, ukipeleka kwa fundi anakwambia nunua nyingine. Mimi mtu akiniletea mashine ya hivyo, kabla sijashika hata bisibisi nachomeka kwanza flashi yenye Puppy Linux, mfumo mdogo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, unaowaka kutoka kwenye flashi bila kuinstoli.

Puppy ilianzishwa na Barry Kauler, jamaa wa Australia, mwaka 2003. Mifumo ya kuwaka bila kuinstoli ilikuwepo tayari, Mjerumani Klaus Knopper alishatoa Knoppix ya kwenye CD tangu 2000, ila kwa kawaida ile inaendelea kusoma CD muda wote unaofanya kazi. Puppy inachofanya ni kujipakia yote kwenye RAM, na hapa ndipo utamu ulipo, watu wengi hawapaelewi. Mfumo mzima umebanwa kwenye faili linaloishia na .sfs, ni la kusoma tu, haliandikwi juu yake. Ukiwasha mashine, kerneli (kiini cha mfumo) inaamka, inalibeba lile faili inaliweka kwenye RAM, na kuanzia hapo kila programu unayobofya inatoka kwenye RAM na siyo kwenye flashi. Ndo maana inafunguka hapohapo! Watu wanaweka Ubuntu, aina nyingine ya Linux, kwenye flashi ya USB 2.0 halafu wanalalamika Linux nzito, wakati kila wanachobofya kinasubiri flashi isomwe. FossaPup64 9.5, toleo la Puppy lililotoka 2020, ISO yake (faili la kudaunlodi lenye mfumo mzima) ni kama MB 409 tu, kwa hiyo hata kwenye GB 2 unabaki na nafasi ya kufanyia kazi.

Kuitengeneza siyo kazi. Daunlodi ISO, kama uko Windows tumia Rufus, programu ya kuandika ISO kwenye flashi, au weka Ventoy kwenye flashi mara moja halafu ISO unazikopi tu kama faili za kawaida. Mimi napenda Ventoy maana flashi moja inabeba Puppy na Debian (Linux nyingine) na chochote unachotaka. Zote mbili zinafuta kila kilichomo wakati wa kuandaa, kwa hiyo hamisha vitu vyako kwanza. Ukiwasha mashine bonyeza F12 kwa Dell, HP nyingi ni Esc kisha F9, chagua flashi, ikigoma nenda kwenye mipangilio ya mashine uzime Secure Boot, kinga inayozuia mifumo isiyotambulika kuwaka. Mashine za zamani kabisa za biti 32 haziwezi kuwasha FossaPup64, zitafutie toleo la Puppy linaloitwa BionicPup32.

Sasa kwenye kuzima sikiliza vizuri. Mara ya kwanza Puppy itakuuliza kama unataka kuhifadhi kazi yako, ukikataa kila kitu kinafutika, lugha, nywila ya waifai, vyote. Ukikubali inatengeneza faili la akiba na unaweza kulifunga kwa nywila, ambayo nakushauri uiweke maana flashi inapotea kirahisi sana. Kama flashi imepangwa kwa mtindo wa FAT32 hilo faili haliwezi kuzidi GB 4, ukitaka zaidi tengeneza patisheni (sehemu ya flashi) ya ext4, mtindo wa Linux.

Kazi inayonifurahisha kuliko zote ni kuokoa mafaili. Windows imegoma kuwaka, ndani kuna tasnifu ya mtu ya miaka miwili, unawasha Puppy, unaona diski zote zimejipanga chini ya skrini, unabofya, mafaili haya hapa, unakopi kwenda diski ya nje. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, utahitaji ule ufunguo wa kurejesha, bila huo hupati kitu. Na kama Windows ilizimwa kwa staili ya fast startup, yaani haikuzimika kabisa ili iwake haraka, diski inaweza kufunguka kwa kusoma tu, kwa kukopi haina shida.

Watu wa usalama hawaipendi Puppy kwa sababu unaingia moja kwa moja kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, hata nywila haikuulizi. Hoja yao ni ya kweli. Kwangu mimi kwa kuandika, kusoma PDF, kuangalia video na kuokoa mafaili inatosha kabisa, lakini mashine ya ofisi inayotumiwa na watu wengi nisingeiwekea hii, ningeweka Debian ya kawaida.

Na tangu Microsoft waache kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine kibao nzima kabisa zimeachwa kwa sababu hazina TPM 2.0, chipu ya usalama inayotakiwa ili kupandia Windows 11. Hizo ndizo za kuchomekea flashi wikiendi hii. Brauza tu ndo uiangalie, kwenye GB 2 fungua tabu tatu nne basi, maana tovuti za siku hizi zenyewe zinakula RAM kuliko mfumo mzima wa Puppy.