Ukingo wa Kile Kinyama

Baba alipotolewa kinyama kilichoota ndani ya utumbo mpana, jamaa wengi walihesabu kwamba kazi imekwisha. Kilikuwa kikubwa, milimita 35, kimelala bapa kwenye ukuta wa utumbo bila kikonyo, na kilikuwa kimevuja damu kidogo kidogo hadi mzee akawa anahema akipanda ngazi tu. Maabara ilisema si saratani, ni adenoma, ile aina inayoweza kugeuka saratani ikiachwa. Basi miezi sita ilipotimia na tarehe ya kurudi kuchunguzwa utumbo kwa kamera ikakaribia, shangazi alinipigia simu: mbona mnamtesa mzee? Si walishakitoa?

Baba mwenyewe alikuwa upande wa shangazi. Jumamosi ile nilimkuta kibandani kwake Kawangware akishona sare za shule, na kabla sijakaa akaniambia hatakunywa tena yale maji. Nilimwelewa. Dawa ya kusafisha tumbo ni lita kadhaa, nusu jioni na nusu alfajiri, na usiku huo mtu halali, anashinda chooni. Isitoshe, pesa za mara ya kwanza zilikuwa za chama cha mama, na deni lilikuwa halijaisha.

Lakini mimi nilikuwepo daktari alipotueleza, na maelezo yale hayakuwa yamenitoka. Kinyama bapa cha ukubwa ule kwa kawaida hakitoki kizima. Alidunga chini yake maji yenye rangi ya buluu ili kiinuke kutoka ukutani, kisha akakikata kwa kitanzi cha waya, kipande baada ya kipande. Mahali pale huonekana safi kabisa, ila ukingoni huweza kusalia chembe ambazo jicho halizioni, nazo ndizo huota upya. Ndiyo sababu, alipomaliza kukata, alipitisha ncha ya kitanzi kilekile kuzunguka kidonda chote, akauchoma ukingo kwa moto wa umeme. Alitutajia utafiti wa Australia uliochapishwa 2019: wagonjwa ambao ukingo wao haukuchomwa, vinyama viliwarudia kwa asilimia 21, waliochomwa, asilimia 5 hivi.

"Sasa kama nimechomwa, narudi kufanya nini?" Baba akauliza.

Mkononi alikuwa na utepe wa nailoni. Nikamuuliza yeye akishaukata huufanyaje.

"Nauchoma kwa kiberiti, usifumuke."

"Na ukishauchoma, Baba?"

Hakujibu upesi. Alipitisha ukucha kwenye ncha ya utepe, kama afanyavyo siku zote, kutafuta uzi uliokwepa moto. Kisha akauliza tarehe ni lini.

Siku chache kabla, mama alimwondolea maharagwe, sukuma na matunda yenye mbegu, akala wali mweupe, mayai na mkate. Siku ya mwisho ikawa chai ya rangi na supu iliyochujwa. Nesi alikuwa ametusisitizia kwamba masalia, yakiwepo, huwa madogo sana, na utumbo mchafu huyaficha. Baba alikunywa dawa yote, hadi tone la mwisho, bila kuhimizwa. Najivunia jambo hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Hospitalini nilikaa nje na mama, kwenye benchi lililojaa watu waliokuja kusindikiza wazee wao. Daktari alipotuita alikuwa na picha. Kovu lilikuwa jeupe na laini karibu lote. Upande mmoja tu palikuwa na kijinundu cha milimita 4, alichokiona vizuri alipobadilisha mwanga wa kamera. Alikitoa palepale na kupachoma tena. Mama alishika kichwa. Nami nilishtuka, maana nilishajiaminisha kwamba sisi tumo katika wale 95.

"Mama, hiki kimetoka kwa dakika chache," daktari akamwambia. "Mngekuja baada ya miaka mitano, tungekuwa tunazungumza habari nyingine."

Baba, bado ana usingizi wa dawa, aliuliza kama atarudi tena. Akaambiwa ndiyo, baada ya miezi sita mingine, halafu, kukiwa safi, nafasi itaongezwa hadi mwaka, kisha mitatu.

"Sawa, daktari. Niandikie."

Tulikuwa tumeshasimama daktari alipotuuliza mzee ana watoto wangapi na wana umri gani. Mtoto wa mtu aliyekuwa na kinyama kikubwa cha namna hii, alisema, asingoje dalili; apimwe akifika miaka 40. Mimi nilikuwa na 42. Niliomba tarehe yangu kwenye dirisha lilelile, kisha nikampigia kaka yangu Mombasa, ambaye ni mkubwa kwangu, nikamsomea majina ya dawa ya kunywa kabla hajapata nafasi ya kukataa.