Siku moja mezani kwa mchoraji wa kanga

Saa mbili asubuhi nafungua kompyuta na kupitia oda huku chai ikichemka. Watu hudhani mchoraji wa kanga hukaa akisubiri maua yamjie kichwani. Kazi huanza na kanga ya zamani iliyopigwa pasi, na rula. Ya leo ina chapa ya "Mali ya Abdulla", ya wale Kaderdina, wafanyabiashara wa kanga wa Mombasa walioanza mwaka 1887.

Umbo lake haliguswi: pindo pande nne, mji, yaani uwanja wa katikati, na jina, yaani ule msemo, chini. Humo ndani ndimo tunamochezea. Korosho, pambo lililopinda kama korosho yenyewe, iliyotoka kwenye vitambaa vya India, imeshageuzwa, ikajazwa maua, ikahamishwa kutoka mji hadi pindo. Kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, ni ya harusi. Itie kijani uone kama kuna somo, yule mkufunzi wa bi harusi, atakayeipokea.

Saa nne anaingia mteja wa jumla.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka hii hii, ila jina jingine."

Kwenye simu, kanga ya duka la jirani, imepigwa picha ikiwa imetundikwa, kona moja haionekani.

"Mama, wanunuzi wataijua kabla hawajasoma jina. Tubakize korosho na rangi, mji tuuchore upya."

Mji anakubali. Sasa anataka korosho za pindo zinenepe, zionekane kwa mbali. Basi, hapo ndipo siku inapoliwa. Kanga ni sentimita 150 kwa 110. Kona nimezipa miraba ya 15, hivyo upande mrefu unabaki 120, mfupi 80. Korosho ya sentimita 8 inaingia mara 15 na mara 10, haibaki kitu. Yeye anataka 9. Haigawanyiki kokote, kila upande utaishia na korosho iliyokatwa mkia. Ukiivuta ili itoshe, za juu zinakuwa nene kuliko za ubavuni, na mvaaji akijitanda tu ataona. Nampa 10, zinaingia 12 na 8. "Kubwa mno." Tunachapa kwenye karatasi, tunabandika ukutani, anarudi nyuma, anasogea, anampigia dada yake. Anarudi kwenye 9. Tunahesabu tena. Inakuwa 10.

Chakula cha mchana kimeshapoa, na rangi hazijatenganishwa. Kila rangi ina skrini yake ya kuchapia na gharama yake, ndiyo maana nabaki na tatu. Nyeusi huchapwa mwisho, nami naipandisha milimita moja juu ya rangi ya jirani. Bila hivyo kitambaa kikisogea kidogo mashineni, kila korosho inazungukwa na ufa mweupe, na lawama ni za mchoraji.

Giza limeshaingia, ujumbe: "Mwanangu, lile jina tubadilishe." Nilitarajia, jina hulilaza kwenye tabaka lake peke yake kwenye kompyuta, halisumbui mchoro. Ila jipya lina maneno tisa, na kisanduku kinabeba matano kwa herufi za kusomeka. Namjibu achague la kupunguza.