Spectrum ya Ngamiani na hesabu za bamvua

Ukiiwasha Sinclair ZX Spectrum, kompyuta ndogo ya nyumbani kutoka Uingereza, skrini inakuwa nyeusi kwa muda mfupi, inageuka nyeupe, na chini kabisa unatokea mstari mmoja: © 1982 Sinclair Research Ltd. Haikuulizi nywila wala haikwambii usubiri masasisho. Inakungoja uandike. Ukibonyeza P mwanzoni mwa mstari, unapata neno zima PRINT, amri ya kuandika kwenye skrini, kwa kitufe kimoja, na kuanzia hapo kazi ni yako.

Yangu niliipata kwenye duka la mtumba Ngamiani, hapa Tanga, chini ya rundo la pasi na redio zilizotoka Uingereza. Muuzaji alidhani ni kibodi iliyopotelewa na kompyuta yake, na simlaumu, maana kompyuta nzima imo ndani ya kibodi hicho chenye vitufe vya mpira. Mimi nafundisha hisabati na nilikuwa nimesoma habari zake kwa miaka mingi bila kuitia machoni. Kompyuta hizi zilipokuwa mpya, sisi wa Tanzania bara wengi hatukuziona. Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, na hadi 1994 bara hapakuwa na kituo cha televisheni, wakati ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Kompyuta ya kuchomeka kwenye televisheni ungeichomeka wapi?

Leo mambo yamegeuka, na Tanga imekuwa mahali pazuri mno pa kufugia mashine hii. Umeme wetu inauelewa, plagi yetu ni ileile ya pini tatu bapa, na TV za kichogo zinapokea mfumo wake wa picha, PAL, bila taabu. Nilinunua ya inchi 14 kule Makorora kwa bei ya bure, nikaiweka kwenye chaneli ya 36, picha ikaja. Ikaja na mistari mistari tu, lakini ikaja.

Hapo nikampelekea mzee mmoja anayetengeneza redio na TV tangu mimi sijaanza shule.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Umeniletea nini leo?"

Alipofungua kasha na kuiona bodi, uso wake wote ulibadilika. Transista, kapasita, chipu zenye miguu unayoweza kuihesabu kwa macho: vitu vya lugha yake. Nilimwonyesha mchoro wa saketi kwenye simu, akausoma kama mtu asomaye barua ya nyumbani. Baadhi ya chipu za kumbukumbu, aina ya 4116, zinataka umeme wa namna tatu: volti 5, volti 12 na volti 5 hasi. Akagusa na mita, hapa, pale, akanyanyua kichwa.

"Mwalimu, hii tano hasi haipo."

Transista moja ndogo, iliyoandikwa TR4 kwenye bodi, ilikuwa imekufa, na ilikuwa imeondoka na chipu moja ya kumbukumbu. Ni ugonjwa unaojulikana wa Spectrum. Vipuri tuliagiza. Vilipofika akabadilisha na kapasita zote za zamani, akasugua kwa mswaki na spiriti ule ukijani ambao unyevu wa bahari unauotesha kwenye shaba. Simu yangu ikifa, fundi huyuhuyu hana la kufanya zaidi ya kuniambia ninunue bodi nyingine. Spectrum inampa nafasi ya kutumia kila anachokijua, na mimi nashikilia kwamba mashine inayomheshimu fundi namna hiyo haijapitwa na wakati.

Programu zinaingia kwa kaseti. Unabonyeza J, neno LOAD linatokea, unafungulia redio kaseti, unasikia mlio mrefu, na pembezoni mwa skrini inapita michirizi ya nyekundu na samawati. Data ikianza, mlio unakuwa mkali na michirizi inageuka buluu na njano. Programu kubwa huchukua kama dakika tano, na mimi hukaa kusikiliza mpaka mwisho. Kaseti za taarab za Black Star na Lucky Star alizoniachia mama ziko kwenye sanduku lake, hizo sirekodi juu yake hata iweje.

Kumbukumbu yote ni kilobaiti 48. Picha moja ya simu yenye megabaiti 3 inaizidi zaidi ya mara 60. Lakini udogo huo unatosha kwa jambo ninalolipenda kuliko michezo yote ya Spectrum: hesabu za maji ya bahari, ambayo hujaa na kupwa kwa kufuata mwezi. Mwezi ulikuwa mpya usiku wa tarehe 6 Januari 2000. Hesabu siku zilizopita tangu hapo, gawanya kwa 29.53, yaani siku za kutoka mwezi mpya mmoja hadi mwingine, na baki inakupa umri wa mwezi. Mjomba wangu, mvuvi wa Deep Sea hapa Tanga, aliniambia bamvua, yale maji makubwa yanayojaa na kupwa kupita kiasi, haiji siku ileile mwezi unapokuwa mpya au mpevu. Huchelewa siku moja au mbili. Nikaongeza mstari mmoja kwa ajili ya neno lake. Sasa nikiingiza tarehe, skrini inaniandikia BAMVUA au MAJI MAFU, yaani maji madogo, na kila herufi ya programu hiyo naijua ilipotoka.

Wanafunzi wangu wawili huja Jumamosi. Wanataka iseme na saa ya maji kujaa, kwa kuwa kila siku hujaa kama dakika 50 baada ya jana yake. Wameshaandika nusu, kwa kalamu, kwenye daftari.

Kama uko Tanga na una TV ya kichogo inayowaka au redio kaseti ambayo mkanda wake bado unazunguka, usiwape wanunuzi wa chuma chakavu. Nitakuja kuichukua mwenyewe.