Firigisi

Jumapili usiku, Umoja, Nairobi. Zimebaki siku 21 kabla ya shindano la kutunisha misuli.

Asubuhi mizani ilisoma kilo 76.4. Aprili, nilipomwambia kocha kwamba mwaka huu lazima nipande jukwaani, nilikuwa na kilo 86. Namba ya leo nimeiandika daftarini kama nifanyavyo kila siku, kabla ya maji na kabla ya chai, na kwa kawaida ikishuka huwa nafurahi. Leo sikufurahi. Sebuleni mama alikuwa ameshaamka, na kupitia pazia nilimsikia akimuuliza mke wangu kwa sauti ya chini: "Mwanangu, niambie ukweli. Huyu anaugua nini?"

Alifika juzi na basi la usiku kutoka Kakamega. Tulikuwa hatujaonana tangu Krismasi. Nilimpokea kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus kukiwa bado giza, amebeba mkungu mdogo wa ndizi na kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu, na badala ya kunipa mkono alinishika shavu. Akalipapasa kwa kidole gumba, akashuka hadi kwenye mfupa wa shingo, akauachia. Kwenye matatu hakusema neno mpaka tukashuka Umoja. Mama yangu ni mtu wa maneno mengi, kwa hiyo kimya kile nilikisikia vizuri.

Ni jambo ambalo sikuambiwa na mtu yeyote nilipoanza mambo haya ya kutunisha misuli. Picha za mashindano zinamwonyesha mtu akiwa chini ya taa, amepakwa rangi, misuli imejaa damu, kila mstari unaonekana. Lakini mtu huyohuyo akivaa shati akaenda dukani kununua kiberiti, anafanana na mgonjwa. Mafuta yanapotoka hayachagui. Yanatoka tumboni unakotaka, yanatoka pia usoni, machoni, viganjani. Shati langu la kanisani limekuwa kama limeazimwa. Pete ya ndoa nimeifungia kabatini kwa sababu ilidondoka mara mbili nikiwa kazini.

Na mama ana macho yake, na macho yale yameona mengi. Miaka ya tisini kule kwetu mtu akianza kukonda, majirani walianza kuhesabu miezi. Mwaka 1999, Rais Moi alipotangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa, sisi tulikuwa tumeshazika wajomba wawili, wote ndugu zake mama. Nilikuwa darasa la nne. Namkumbuka yule wa pili akiwa amekaa juani kwenye kiti cha kamba, amevaa koti Januari. Mimi nimevaa koti Julai, na ndani ya koti fulana mbili, kwa sababu mwili usio na mafuta hausikii huruma ya baridi ya Nairobi. Mama ananitazama mimi, anamwona ndugu yake. Nimwambie nini? Kwamba nimejikondesha kwa hiari?

Juzi usiku alimpika yule kuku. Kwetu Waluhya firigisi ni ya mwenye nyumba, haiwekwi kwenye sahani ya mtu mwingine. Alinipakulia mwenyewe: ugali wa kushiba, mchuzi unaoelea mafuta ya njano ya kuku wa kienyeji, paja, na firigisi juu kabisa, imepasuliwa vizuri. Akaniwekea mbele yangu kwa mikono miwili. Nami nikasema, "Mama, nimeshakula."

Nilikuwa nimekula kweli. Saa kumi na mbili na nusu, peke yangu jikoni, nimesimama: samaki wa kuchemsha, sukuma wiki isiyo na mafuta, nduma gramu 150. Ndivyo nilivyokula kwa wiki kumi na tatu. Protini gramu 160 kwa siku, yaani gramu mbili na kitu kwa kila kilo ya mwili, ili mwili ukikosa nishati usianze kujila misuli yake. Wanga napima, mafuta napima. Uzito ushuke polepole, chini ya kilo moja kwa wiki, maana ukishuka haraka unaondoka na nyama uliyoijenga kwa miaka. Hesabu hiyo naijua kama ninavyojua vipimo vya chuma. Lakini hakuna mahali kwenye daftari langu pa kuandika uso wa mama yangu alipoiondoa ile sahani mezani.

Nimekuwa nikifikiri juu ya hilo tangu juzi. Watu wakiniuliza ugumu uko wapi, wanatarajia nitaje vyuma. Vyuma nimevizoea. Mimi ni fundi wa kuchomelea pale Kariobangi Light Industries, nabeba vyuma mchana kwa mkate na jioni kwa mapenzi. Nusu ya vifaa vya jimu yetu nimevitengeneza kwa mikono hii: benchi, vile vyuma vya kuegemezea, hata uzani wa mwanzo kabisa tuliumwaga kwa simiti kwenye mikebe ya rangi. Kuchuchumaa na kilo 140 mabegani kuna uchungu wake, lakini ni uchungu ulio wako peke yako. Ukiweka chuma chini umemaliza. Kukataa chakula cha mtu hakuishii hapo. Mama wa kibanda jirani na karakana alikuwa akinipakulia chapati mbili na madondo, yaani maharagwe, kabla sijafungua kinywa, miaka sita sasa. Aprili nilipoanza kuja na kibakuli changu cha wali na mayai alicheka. Mei aliuliza kama amenikosea. Juni akaacha kuuliza. Siku hizi nikipita ananisalimu vizuri, lakini hanifutii tena benchi kwa kitambaa.

Nilimweleza. Nadhani nilichelewa kumweleza, na nilimweleza kama mtu anayejitetea.

Njaa nayo inabadilisha tabia ya mtu, na hili nataka niliandike wazi ili mwakani nikisoma nikumbuke. Wiki ya kumi na moja nilimpigia kelele kijana ninayemfundisha kazi kwa sababu alikata bomba fupi kwa sentimita mbili. Sentimita mbili. Bomba lenyewe lilikuwa la lango la kuku. Alitetemeka mpaka grinda ikamponyoka. Nilizima mtambo, nikatoka nje, nikasimama karibu na mtaro kama dakika kumi, kisha nikarudi kumwomba msamaha mbele ya wenzake, maana nilimkemea mbele ya wenzake. Usiku huo kocha aliniongezea wanga kidogo kwa siku mbili. Alisema mwili uliokatwa chakula muda mrefu unakata na wenyewe: joto, usingizi, subira. Nilimwamini kwa sababu vyote vitatu nilikuwa nimevipoteza.

Kocha ni mzee aliyewahi kushindana ujana wake na bado anatembea ameinua kifua. Simwiti jina, namwita Mwalimu, kama wote pale jimu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ushindi haupatikani kwa kubeba, unapatikana kwa kusimama. Mikao ya lazima kwetu wanaume ni saba, na kila mmoja unaushikilia huku waamuzi wakilinganisha, wakikuhamisha kulia, wakikurudisha katikati, nawe unatabasamu. Ninaouogopa ni wa kuinua mikono miwili ukiwa umewapa mgongo. Unapeleka mguu mmoja nyuma, unasimamia vidole, unakaza shavu la mguu. Hapo umeanzia chini. Unapanda nyuma ya paja, unakaza. Makalio, unakaza. Mgongo wa chini unaulaza kidogo nyuma ili taa ziukute. Ndipo unainua mikono, unafungua mbawa, unakunja ngumi, na kwa wakati wote huo hukioni unachokifanya. Hakuna kioo cha nyuma. Unaukaza mwili ambao unauhisi tu. Mara ya kwanza nilishikilia sekunde kumi na mbili, shavu la mguu wa kushoto likakazika kwa mkakamao nikaanguka magoti. Sasa nafika sekunde arobaini, na Mwalimu anasimama nyuma yangu akinigusa kwa fimbo nyembamba mahali palipolala. "Hapa umelala. Na hapa. Amka."

Nafanya mazoezi ya mikao kila usiku, dakika thelathini, sebuleni, watoto wakishalala. Mke wangu hukaa na simu akipima muda. Amevumilia mengi, sina namna ya kuyaandika yote leo.

Kuna jambo la jimu lazima niliseme. Wiki iliyopita jamaa mmoja alinisogelea nikivua viatu, akanifungulia kiganja. Vidonge vya kukojoza maji. Meza viwili siku ya mwisho, akasema, utatoka umekauka kama mti wa kuni. Nilikataa, na sikukataa kwa upole. Mohamed Benaziza, mzaliwa wa Algeria, bingwa wa kutunisha misuli mwenye mgongo ambao hadi leo watu wanauzungumzia, alifariki Uholanzi mwaka 1992 saa chache tu baada ya kushindana, na waliokuwa karibu walitaja dawa za namna hiyo. Moyo unapiga kwa chumvi na potasiamu. Ukiyatoa maji kwa nguvu unatoa na hizo. Na hata faida yenyewe haipo: msuli kwa sehemu kubwa ni maji, na kila gramu ya wanga inayohifadhiwa ndani yake hushikilia gramu tatu hivi za maji. Ukimkausha mtu hivyo, msuli unalala kama tairi lisilo na upepo. Mimi wiki ya mwisho nitakula wali zaidi na nitakunywa maji. Nikishindwa, nishindwe nikiwa nimejaa. Wenzangu wadogo wananitazama ninachofanya pale jimu, na wawili kati yao bado wako sekondari.

Basi leo. Baada ya kumsikia mama asubuhi sikwenda kanisani. Nilimwambia, "Mama, njoo jioni uone." Nilikuwa naogopa. Kuvua nguo mbele ya watu mia tatu nisiowajua nimeshajizoeza moyoni, lakini kubaki na chupi ya shindano mbele ya mama yangu mzazi, sebuleni, nikiwa na miaka thelathini na sita, hilo sikuwahi kulifikiria. Nikavaa kaptula fupi, nikavua shati. Mke wangu akawasha taa ya pili.

Nikaanza na mgongo, labda kwa sababu hivyo nisingemwona uso. Mguu nyuma. Shavu la mguu, paja, makalio, mgongo, mikono juu. Nikashikilia. Nilisikia kiti kikisogea, nikahisi kiganja chake katikati ya mabega. Kiganja kigumu, cha jembe. Kikapita upande huu, kikarudi upande ule, kikabonyeza. Msuli haukubonyea.

"Hii ni nyama," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Si mfupa."

"Si mfupa."

Akazunguka mbele. Akanitazama tumbo, mikono, mapaja. Akaniuliza kama nimepima damu. Nikamwambia ndiyo, nikamletea karatasi ya Aprili, na ingawa hasomi Kiingereza aliishika na kuiangalia yote, upande wa mbele na wa nyuma. Kisha akaketi, akafunika uso kwa leso, akalia kidogo. Mke wangu akakaa naye. Mimi nilibaki nimesimama palepale bila shati, nikitetemeka kwa baridi, sikujua kama nivae au nisivae.

Alipomaliza aliuliza nakula nini hasa. Nikamwonyesha mizani ya jikoni, nikamweleza kila kitu kwa mara ya kwanza bila kujitetea: kwamba chakula chake hakina ubaya wowote, kwamba ni wiki tatu zimebaki, kwamba Agosti nitakaa kwenye meza yake na nitakula mpaka asubuhi. Alisikiliza kama anavyosikiliza daktari. Akainuka, akaenda kwenye friji. Ile firigisi ya juzi alikuwa ameitenga kwenye kisahani, amefunika kwa kingine. Hakumpa mtu.

Akaiosha mchuzi kwa maji ya moto. Akaiweka kwenye mizani.

"Hii nayo?"

Gramu 38. Nikamwambia firigisi ni msuli mtupu, haina mafuta ya kutisha. Nikatoa kipande cha kuku cha uzito huohuo kwenye sahani yangu, nikakirudisha sufuriani, na yeye akaiweka firigisi mahali pake kwa mikono miwili. Tukala mezani wote, mimi na nduma yangu, wao na ugali wao.

Kesho ni miguu. Mama ameuliza jimu inafunguliwa saa ngapi.