Karatasi Zilizoanikwa Sebuleni

Jumanne ya tarehe 5 Septemba 2017 ilinikuta nimepiga magoti sebuleni kwetu, Houston, nikikata zulia lililolowa kwa kisu na kulikunja vipande vipande ili tulikokote hadi ukingoni mwa barabara. Zilikuwa zimepita siku tisa tangu mvua za kimbunga Harvey ziingize maji ndani yakafika magotini. Mama alikuwa ameanika mezani, vitini na kwenye kamba aliyoifunga kati ya milango miwili kila karatasi iliyotoka katika sanduku lake la bati: ripoti zangu zote za shule tangu darasa la kwanza, risiti za kodi ya nyumba, pasipoti mbili za Tanzania zilizokwisha muda, na kadi yangu ya kliniki ya Tanga ambayo wino wake wa buluu ulikuwa umesambaa hata uzito wangu wa miezi tisa haukusomeka tena.

Saa nne asubuhi, simu ikiwa juu ya kiti, tulimsikia Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Jeff Sessions, akitangaza kwamba mpango wa DACA unafutwa. Mpango huo ulitangazwa na serikali ya Obama tarehe 15 Juni 2012 kwa ajili yetu sisi tulioletwa Marekani kabla ya kutimiza miaka 16 na tusiokuwa na kibali cha kukaa. Haukutupa uraia wala ukaazi; ulitupa kibali cha kufanya kazi na ahadi ya kutofukuzwa kwa miaka miwili miwili. Mimi niliingia mwaka 1997 nikiwa na miaka sita, kwa viza ya matembezi, na viza ilipokwisha Mama hakurudi. Aliogopa kuniacha niombe mpango ulipoanza, kwa kuwa kuomba kulimaanisha kuipelekea serikali anwani yetu kwa mkono wetu wenyewe, na akakubali mwishoni mwa 2013 tu.

Woga huo ndio ulioniokoa. Kadi yangu ya kibali cha kazi ilikuwa inakwisha tarehe 11 Februari 2018, na tangazo lilisema kwamba wale ambao kadi zao zinakwisha kufikia tarehe 5 Machi wangeruhusiwa kuongezewa muda mara moja zaidi, mradi maombi yao yafike kabla tarehe 5 Oktoba haijapita. Msichana mmoja wa kazini kwetu, aliyeletwa kutoka Mexico akiwa na miaka miwili, kadi yake iliishia tarehe 19 Machi. Siku 14 kupita mpaka huo ndizo zilizotutenganisha, na hadi leo sijaona hoja yoyote ya haki inayoweza kuzieleza siku hizo.

Jioni alikuja Mjomba na feni mbili za kukaushia kuta. Yeye ni raia. Alishinda bahati nasibu ya viza miaka ya tisini, jambo ambalo katika maelezo yake huitwa kufuata foleni.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba. Nimesikia habari. Lakini sheria ni sheria, mjomba wangu. Rudi nyumbani, uombe upya, uingie kwa mlango.”

Nilimweleza kwamba kwa sheria ya 1996, mtu mzima aliyekaa bila kibali kwa mwaka mmoja au zaidi kisha akatoka, hufungiwa nje miaka kumi. Kukaa kwa mtoto hakuhesabiwi, lakini mimi nilitimiza miaka 18 mwaka 2009, na kibali cha kwanza nilikipata 2014. Mlango aliokuwa akiniambia niupitie ungefungwa mara tu nitakapotoka. Mjomba alikaa kimya, akaanza kuchomeka feni.

“Na wakimrudisha,” Mama alimwambia bila kuinua macho kutoka kwenye kadi ya kliniki aliyokuwa akiipiga pasi kati ya vitambaa viwili, “atafikia kwa nani Tanga? Bibi yake tumemzika kwa simu.”

Mwanasheria alituambia kesho yake kwamba kuongezewa muda hakuhitaji karatasi zile zote. Fomu mpya, picha mbili, nakala ya kadi na dola 495 zilitosha. Mama alimsikiliza kwa adabu, kisha akaendelea kupiga pasi.

Gari langu lilikuwa limezama, kwa hiyo Mjomba ndiye aliyenipeleka posta wiki iliyofuata. Njiani, bila kuulizwa, alisema kwamba usiku ule wa 1997 ni yeye aliyetupokea uwanja wa ndege, na kwamba nilikuwa nimelala fofofo, akanibeba begani hadi kwenye gari huku kiatu changu kimoja kikidondoka njiani. Habari za kiatu sikuwahi kuzisikia. Posta alisimama nami kwenye foleni, na karani alipogonga muhuri, Mjomba alimuuliza bahasha itafika lini, akajibiwa, kisha akauliza tena.