Shangazi, nianzie wapi?

Jumatano, usiku

Leo mchana mpwa wangu kanipigia simu kutoka chuoni. Shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, kisha moja kwa moja kwenye shida yake. Amepata kadi ya maktaba ya jiji, ameweka programu yao kwenye kishikwambi, kafungua upande wa katuni, kakwama. "Shangazi, ni nyingi mno. Batman peke yake nimeteremka mpaka kidole kimechoka. Na nataka za watu wazima, siyo za kuangushiana maghorofa. Nianzie wapi?"

Hajui alivyonifurahisha. Nasoma katuni za mashujaa tangu nilipofika Marekani, miaka kumi na saba sasa, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kuniuliza. Lakini nilimwomba anipe mpaka usiku, maana swali hili niliwahi kulijibu vibaya.

Mwaka juzi mwenzangu kazini aliniuliza hilohilo, nikamjibu bila kufikiri: anza na Watchmen. Ndilo jibu la kila mtu. Alan Moore kaandika, Dave Gibbons kachora, matoleo 12, 1986 hadi 1987. Akasoma kurasa kama thelathini kwenye simu, akaacha, hajagusa katuni tena. Kosa lilikuwa langu. Watchmen inawabomoa mashujaa waliojengwa kwa karibu miaka hamsini, na asiyeijua nyumba ilivyokuwa ataona kifusi tu. Halafu kuna hiyo simu. Gibbons amegawa kurasa nyingi kwa visanduku tisa, vitatu kwa vitatu, na mengi ya maana yamo kwenye ukurasa mzima ukiutazama kwa pamoja. Toleo la tano limepangwa kama kitu na kivuli chake kwenye kioo: ukurasa wa kwanza unalingana na wa mwisho, wa pili na ule unaoutangulia wa mwisho, mpaka mpangilio unakutana katikati ya toleo. Ukisoma kwa namna ya kuletewa kisanduku kimoja kimoja, kioo hicho hukioni.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililomwandikia leo halikuwa jina la kitabu. Nimemwambia azime hiyo namna ya kisanduku kimoja kimoja, asome ukurasa mzima, na asisomee kwenye simu.

La pili lilikuwa hilo neno lake, "za watu wazima". Nimelifikiria nikiosha vyombo. Sisi tuliokulia na gazeti la Sani hatukuwahi kudhani katuni ni mali ya watoto. Lodi Lofa na Ndumilakuwili walisomwa na baba zetu, sisi tulikuwa tunavizia wamalize. Marekani hali ilikuwa tofauti. Mwaka 1954, baada ya daktari wa akili Fredric Wertham kuandika kwamba katuni zinawaharibu watoto na Seneti kuitisha vikao, wachapishaji walijiwekea kanuni zao wenyewe na muhuri wa kubandika kwenye jalada. Kitabu kisicho na muhuri kilikuwa na shida kupata nafasi madukani. Chini ya kanuni hizo uovu lazima ushindwe, na polisi au hakimu asionyeshwe kwa namna ya kuvunja heshima ya mamlaka. Ukiwaandikia watu hivyo kwa miaka thelathini, shujaa wako anabaki mtoto. Miaka ya themanini, maduka yanayouza katuni peke yake yalipokuwa mengi na muhuri ukapungua nguvu, ndipo waandishi wakapumua.

Wengine walipumua kwa damu na matusi, na programu ile imejaa vitabu vyao. Mimi hivyo siviiti vya watu wazima. Kwangu mtu mzima ni yule ambaye jambo alilofanya jana bado liko naye mezani leo asubuhi. Nimechagua kwa kipimo hicho.

Nimemwanzishia na The Vision ya Tom King, iliyochorwa na Gabriel Hernandez Walta, matoleo 12 ya 2015 na 2016. Inaanza na kuisha, humo ndani hamna deni la vitabu mia vya nyuma. Vision ni mtu wa kuundwa, mmoja wa kikosi cha mashujaa cha Avengers, naye amejitengenezea familia: mke Virginia na mapacha wawili, Viv na Vin. Wanahamia kitongoji tulivu karibu na Washington. Majirani wanakuja na biskuti kuwakaribisha, na akina Vision wamesimama sebuleni na nyuso zao nyekundu, wanatabasamu, sahani mkononi, na hawali chakula. Toleo hilohilo la kwanza linaisha Virginia akiwa ameua ili kuwalinda watoto, kisha anaificha maiti uani. Toka hapo ni uongo mmoja unaozaa mwingine. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa na mwaka wa pili nchini, la, natia chumvi, ilikuwa baadaye sana, lakini ilinirudisha kwenye mwaka ule wa pili: kusimama mlangoni kwa jirani na kufanya bidii ya kuonekana wa kawaida. Naamini mpwa wangu ataijua hali hiyo kabla sijamweleza.

Kisha Daredevil, hadithi ya Born Again, toleo la 227 hadi 233, mwaka 1986. Frank Miller kaandika, David Mazzucchelli kachora. Hii naipenda kuliko zote. Karen Page, aliyewahi kupendwa na Matt Murdock, wakili ambaye ndiye Daredevil, yuko Mexico, dawa za kulevya zimemmaliza, na kwa dozi moja tu anauza jina la mtu aliye nyuma ya barakoa. Jina linapita mkono kwa mkono mpaka linamfikia Kingpin, bosi wa wahalifu. Naye hamtumii Matt majambazi. Anamfungia akaunti benki, anamnyang'anya uwakili, anamlipulia nyumba. Zitazame kurasa za mwanzo za matoleo yale ya kwanza: kila mara Mazzucchelli anatuchungulisha kutoka juu, Matt amelala. Kwanza kitandani kwake. Kisha kwenye chumba cha hoteli ya bei rahisi, amejikunja. Kisha chini, katikati ya takataka. Hakuna maelezo yanayohitajika. Na Karen, ambaye mwandishi mwingine angemtupa kama msaliti, anarudi, na Matt anampokea. Nimewahi kulia hapo, na sikuwa msichana.

Batman nimempa moja fupi, Year One ya hao hao Miller na Mazzucchelli, matoleo manne ya 1987, na nimemnong'oneza kwamba amtazame zaidi Gordon: polisi mwaminifu katika kituo kilichooza, mke mjamzito nyumbani, na moyo unaoanza kuelekea kwa mwenzake kazini. The Dark Knight Returns nimeiacha kwa sasa. Ni kazi kubwa, lakini Bruce Wayne, yaani Batman, akiwa na miaka 55 humuuma zaidi mtu aliyemjua kijana.

Alias nimeipa onyo lake. Brian Michael Bendis na Michael Gaydos, matoleo 28, 2001 hadi 2004, na neno la kwanza kabisa kutamkwa humo ni tusi zito. Hilo halinisumbui. Linalonifanya nionye ni kwamba Jessica Jones, aliyewahi kuvaa vazi la ushujaa na sasa ni mpelelezi wa kukodiwa, alishikiliwa miezi minane na mtu anayeweza kumwamuru yeyote afanye lolote. Kitabu hakituambii mpaka karibu na mwisho. Tangu mwanzo tunaona pombe, usingizi mbaya, wanaume wasiofaa, tunadhani ndiyo tabia yake. Kisha anaeleza, na inabidi urudi nyuma umsome upya. Binti wa umri wa mpwa wangu anastahili kujua anachofungua. Nimemwandikia wazi: kina mambo ya unyanyasaji, ukiona kizito kifunge, hakuna mtihani.

Halafu nikakumbuka God Loves, Man Kills ya Chris Claremont na Brent Anderson, 1982, hadithi ya X-Men, mashujaa waliozaliwa na nguvu zao. Watoto wawili weusi wanauawa kwa kuzaliwa na nguvu zisizo za kawaida, miili inaning'inizwa kwenye bembea za shule ili wenzao waikute asubuhi. Anayekuja kuishusha ni Magneto, adui wa X-Men. Kiongozi wa wauaji anahubiri kwa Biblia mkononi. Humo yumo Storm, Ororo, ambaye mama yake ni Mkenya, na nakiri kwamba miaka ile ya mwanzo hapa jina lake lilikuwa ndilo lililonivuta nichukue kitabu cha kwanza cha X-Men rafuni.

Kadi yake inampa mikopo sita kwa mwezi. Nimeshampa vitano. Cha sita najua ni kipi na nimekizungukia jioni nzima: Mister Miracle, King tena, safari hii na Mitch Gerads, matoleo 12 kuanzia 2017. Scott Free, bingwa wa kutoroka, anafungua kitabu akiwa sakafuni bafuni, amejikata mikono. Baada ya hapo kinaendelea kuwa kitabu chenye upendo kuliko vyote nilivyotaja. Toleo la sita lote yeye na mkewe Barda wanapenya ngome ya adui, mtego baada ya mtego, na muda wote wanabishana namna ya kupanga upya nyumba yao ndogo, mpaka anagundua kwa nini mke anataka nafasi zaidi: ana mimba. Ndoa ndivyo ilivyo. Lakini visanduku vyeusi vinakatiza kila baada ya kurasa chache, na maneno mawili tu ndani yake, na vinafanana sana na usiku fulani ambao mimi nimeupitia. Mpwa wangu yuko peke yake bwenini, mwezi wa pili, theluji dirishani.

Sikumwandikia jina hilo. Nimemwambia cha sita akiache, aje Jumamosi na kishikwambi chake, nitapika ndizi, tutakifungua pamoja.

Saa nne kasoro ameleta ujumbe. Yuko kwenye biskuti. "Shangazi, mbona hawa majirani wananitisha kuliko wao?"