Jani juani, na kamera ambayo haikufika Tabora

Wiki mbili zilizopita nililaza jani la mwembe juu ya karatasi ya manila ya buluu, nikalifunika kwa kipande cha kioo na kuliacha juu ya ukuta wa uani, hapa Tabora, ambapo jua la mwezi huu ni kali tangu saa tatu asubuhi. Jana nililiondoa. Karatasi imepauka kote, isipokuwa palipokuwa na jani: hapo buluu imebaki imekolea, na hata kikonyo kinaonekana.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya kitabu ambacho sijawahi kukishika. Anna Atkins, Mwingereza aliyependa mimea, alianza mwaka 1843 kutoa kitabu cha mwani wa Uingereza kisicho na mchoro wowote wa mkono. Alichukua karatasi iliyopakwa chumvi za chuma, akalaza mwani juu yake, akaianika juani, kisha akaisuuza kwa maji. Palipopigwa na jua pakawa buluu, palipofunikwa pakabaki peupe. Maneno ya kitabu nayo aliyaandika kwa mkono wake na kuyachapa kwa njia hiyo hiyo, na kazi nzima ilimchukua miaka kumi. Aliyeibuni njia hiyo mwaka 1842 ni mwanasayansi Mwingereza John Herschel, na nakala iliyokuwa yake sasa imo katika Maktaba ya Umma ya New York, ambayo imeziweka kurasa zake kwenye intaneti. Nikikuza ukurasa kwenye simu naona nyuzi za mwani nyembamba kuliko unywele, nami nakaa mbali kabisa na bahari.

Mwaka 1844 Mwingereza mwingine, William Henry Fox Talbot, naye alianza kutoa The Pencil of Nature, kitabu chenye picha 24 zilizobandikwa kurasani moja moja. Picha ya Mfaransa Daguerre, iliyotangazwa Paris mwaka 1839, ilikaa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha na haikuweza kutolewa nakala. Talbot alikuwa na negetivu, picha ya kinyume ambayo hutoa nakala nyingi, neno ambalo watu wa studio zetu walilitumia hadi juzijuzi. Hata hivyo picha zake nyingi zimefifia, ndiyo maana maktaba na makumbusho huzihifadhi gizani na kuzionyesha kwa muda mfupi, chini ya mwanga hafifu. Zamani niliuona utaratibu huo kuwa uchoyo. Sasa, nikiitazama manila yangu, siuoni hivyo tena.

Jambo linaloniuma zaidi ni la hapa kwetu. James Augustus Grant, aliyesafiri na mpelelezi Mwingereza John Speke kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha Unguja mwaka 1860, lakini kazi ya kusafisha picha ndani ya hema dogo, katika joto lile, ilimshinda, na vifaa vikarudishwa wakati msafara ungali mwanzoni. Walipofika Kazeh, jina ambalo wasafiri waliiitia Tabora ya wakati ule, mwaka 1861, Grant alikuwa na penseli na rangi za maji tu. Michoro yake ya safari imo katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh. Naiheshimu, kwa kuwa alichora kwa subira. Lakini mchoraji huchagua cha kuweka na cha kuacha, ilhali kamera ingenasa hata mtu aliyekatiza nyuma bila kutakiwa, na huyo ndiye ninayetamani kumwona.

Nyumbani, picha ya arusi ya wazazi wangu imetundikwa mkabala na dirisha kwa miaka mingi, na shela la mama limekaribia kulingana rangi na ukuta. Leo asubuhi nimeihamishia kwenye korido, palipo na kiza. Baba hajapendezwa, kwa sababu wageni hawataiona, na nimemwahidi kwamba sikukuu tutairudisha sebuleni kwa siku moja.